Buibui wa Senti 12

Mwezi huu nimeziweka kando riwaya na vitabu vya malezi, nimechukua kitabu cha katuni. Ni toleo la 15 la jarida la Amazing Fantasy, lililotoka New York mwaka 1962. Jalada lina tarehe ya Agosti, na bei ilikuwa senti 12 za Kimarekani. Humo ndimo alimozaliwa Spider-Man. Watoto wetu wanamjua kwa sinema, mabegi ya shule na keki za siku ya kuzaliwa. Walioisoma hadithi yake ya kwanza ni wachache, na wazazi walioisoma ni wachache zaidi. Naona hiyo ni hasara kwa familia kama zetu, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na jarida lenyewe. Lilikuwa la mkusanyo, yaani hadithi kadhaa fupi katika toleo moja, kila moja ikianza na kuisha humo humo. Waliokua Tanzania wakisoma Sani hawatapata shida. Ulikuwa unalifungua kwa ajili ya Madenge, ukifunua kurasa unakutana na Kipepe, mbele kidogo yuko Lodi Lofa, na kila mmoja ana mkasa wake. Amazing Fantasy lilikuwa limeshabadilishwa jina mara mbili ili lipate wanunuzi, na toleo hili la 15 ndilo lililolifunga. Stan Lee, aliyeandika hadithi zote, alisimulia mara nyingi kwamba mchapishaji wake, Martin Goodman, hakulipenda wazo la shujaa buibui, kwa sababu watu wanachukia buibui. Ila jarida likishakuwa linazikwa, nani atagombana juu ya kilichomo? Buibui akaingizwa. Mwaka uliofuata, 1963, akapewa jarida la jina lake.

Michoro ya ndani yote ni ya Steve Ditko. Jalada lilichorwa na Jack Kirby, na Ditko akalipitishia wino. Hapa kuna jambo la kuwaambia watoto. Stan Lee alizaliwa akiitwa Stanley Lieber, na wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Romania. Jack Kirby alizaliwa Jacob Kurtzberg, naye wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Austria. Kwa hiyo shujaa ambaye leo anaonekana Mmarekani kuliko Wamarekani alipita mikononi mwa watoto wa wahamiaji, waliobadilisha majina ili yatamkike kirahisi. Kijana wetu ambaye mwalimu anashindwa kulitaja jina lake darasani apate habari hiyo.

Sasa hadithi. Ina kurasa 11 tu. Peter Parker ni mwanafunzi wa sekondari, anavaa miwani, ana akili za sayansi na hana rafiki. Wenzake wanakwenda kucheza dansi, yeye anawaalika kwenye maonyesho ya sayansi, wanamcheka na kumwacha njiani. Kwenye maonyesho hayo buibui aliyepitiwa na mionzi anamuuma mkononi. Akitoka nje anakoswakoswa na gari, anaruka, na anajikuta amenata ukutani. Amepata nguvu za buibui.

Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Peter anawaza pesa. Kuna mpiga mieleka anayetoa dola 100 kwa yeyote atakayeweza kusimama naye ulingoni kwa dakika tatu. Peter anafunika uso, anapanda, anambeba yule bwana kama gunia la pamba. Halafu anashona vazi, anatengeneza mtambo wa kurushia utando, na anaanza kuonekana kwenye televisheni. Sikumlaumu hata kidogo. Nyumbani wanaishi kwa kujibana, na wazee wawili waliomlea wanajinyima wamnunulie vifaa vya masomo. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo akipata kitu mkononi, la kwanza ni kutafuta riziki.

Kosa linakuja baadaye, na ni dogo. Akiwa kwenye korido baada ya onyesho, mwizi anapita mbio, askari yuko nyuma yake anapiga kelele ashikwe. Peter angeweza kunyoosha mguu tu. Anamwacha apite, mwizi anaingia kwenye lifti na kutoweka. Askari anapomlalamikia, anajibu kwamba hiyo ni kazi ya askari, yeye sasa anajiangalia mwenyewe. Siku chache baadaye anarudi nyumbani na kukuta polisi mlangoni. Mzee aliyemlea ameuawa na mwizi aliyevunja nyumba. Peter anamfuata muuaji kwenye ghala kuukuu, anamkamata, na akiutazama uso wake anaona ni yule yule.

Ndiyo hadithi nzima. Hakuna anayeokoa dunia. Anayevaa vazi la rangi anamkamata mwizi mmoja, na ameshachelewa.

Hapa niingize suala la lugha, maana najua wengi wetu tunahangaika nalo. Kwenye sinema na mazungumzo ya watoto, mzee huyo ni "Uncle Ben" na mkewe ni "Aunt May". Ukimwambia mtoto atafsiri, upesi atasema mjomba na shangazi. Haiwezekani! Wote wanaitwa Parker, jina la baba yake Peter. Kwetu huyo ni baba, na kwa mvi zile ni baba mkubwa. Watu wa Pwani na wa Oman watamwita ami. Mkewe si shangazi, ni mama mkubwa. Si suala la sarufi tu. Mtoto anayesikia kwamba Peter alifiwa na "uncle" anaweza kudhani alifiwa na ndugu wa mbali anayekuja siku za sikukuu. Mtoto anayesikia kwamba alifiwa na baba yake mkubwa, aliyemlea tangu utotoni, anaielewa ile sura ya mwisho. Na wako wasomaji wetu wengi waliolelewa hivyo hivyo, kwa baba mdogo, kwa mama mkubwa, kwa bibi, wakati wazazi wako Muscat au Leicester wanatafuta. Wao hawahitaji kuelezwa nyumba ile ni nyumba ya namna gani.

Baada ya kurasa hizo 11 zinabaki 13, ambazo watu wengi hawajawahi kuziona. Vitabu vingi vya mkusanyo huichukua hadithi ya Spider-Man na kuziacha tatu zinazofuata. Mimi nakushauri utafute nakala iliyochapishwa upya toleo zima, pamoja na matangazo yake ya zamani.

Ya kwanza, ya kurasa tatu, inamhusu mzee mpiga kengele wa kanisa kisiwani. Mlima wa volkano unalipuka, watu wote wanakimbilia kwenye mashua, yeye anakataa kuondoka. Kazi yake ni kupiga kengele, na ataipiga. Mwisho wake ni mwanga unaoshuka na kumchukua juu. Kama hadithi, ni nyepesi, inamalizika kabla hujakaa vizuri. Ila nani kati yetu hana mzee wa namna hiyo? Umemtumia tiketi, umemtafutia viza, umemwambia huku kuna matibabu mazuri, anakujibu kwamba mji haufungwi. Tunamwona mkaidi. Kurasa hizi tatu zinamwona vinginevyo, na hilo peke yake linatosha kuzisoma.

Ya pili inahusu mhalifu anayekimbizwa na polisi. Anaingia jumba la makumbusho, na mumia wa Misri anamshawishi ajifiche ndani ya sanduku lake. (Mumia huyu si yule mumiani wa vitisho vya utotoni mwetu, ingawa majina yao ni ya ukoo mmoja.) Anaingia, mfuniko unafungwa, anafumbua macho na kujikuta Misri ya kale, mtumwa anayefanyishwa kazi juani. Lee aliitaka iwe hadithi ya mwovu kupata malipo yake. Mimi niliisoma nikiwafikiria dada zetu ambao hawakumkosea mtu yeyote, walioambiwa tu na dalali kwamba kuna mlango mzuri upande wa pili, wakaingia, wakakabidhi pasipoti. Mlango unaosukumwa kuuingia haraka haraka, bila mkataba unaousoma mwenyewe, usiuingie.

Ya tatu ndiyo niliyoipenda kuliko zote baada ya Spider-Man. Chombo kimetua kutoka sayari ya Mirihi, na watu wa mji wanawasaka wageni waliotoka ndani. Tunawafuata mume na mke nyumbani kwao. Mume anamwonya mke asitoke, nje kuna hatari. Mke anatoka kwenda kununua mahitaji ya nyumbani na anakamatwa njiani. Mume, kwa kuchanganyikiwa, anakimbilia simu, na hapo ndipo tunapoona mikono yake: imezidi miwili. Kumbe wageni ni wao. Muda wote tuliwaogopea waliomo ndani, na msako ulikuwa unawatafuta wao.

Kwa msomaji wa mwaka 1962 huo ulikuwa mshangao wa ukurasa wa mwisho. Kwa anayeishi ugenini na karatasi ambazo hazijakamilika, ni habari ya kila siku: usitoke, usifungue mlango, nunua vitu mchana, usiongee kwa sauti ndani ya basi. Sidhani kama Lee na Ditko walikusudia hivyo. Walitaka kutushtua. Lakini ile njia waliyotumia, ya kutufanya tuihurumie nyumba kabla hatujaambiwa wakaaji wake ni akina nani, inafanya kazi hadi leo. Msomee kijana wako kurasa hizi tano kisha umuulize: ulikuwa upande wa nani kabla hujaiona ile mikono, na sasa uko upande wa nani?

Kasoro zipo, na sitazificha. Wanawake humu wana kazi ya kupika, kucheka au kukamatwa. Watu weusi usitegemee kuwaona. Kijana wetu ataliona hilo kabla yako, na ni vizuri aambiwe kwamba safari haikuishia hapo. Miles Morales, ambaye baba yake ni Mmarekani mweusi na mama yake ana asili ya Puerto Rico, alitokea kwa mara ya kwanza Agosti 2011, naye vilevile katika toleo la mkusanyo wa hadithi fupi. Ni huyo ambaye watoto walimpenda katika sinema ya katuni ya 2018. Maneno ya Lee nayo ni mengi, kila mtu anajieleza kwa sauti kubwa kana kwamba picha haitoshi. Picha inatosha. Ditko alijua kuchora mabega ya mtoto mpweke, na vidole vyake vinaongea kuliko midomo. Na kama muuguzi niseme kwa faida ya wadogo: mionzi haimpi mtu nguvu za buibui. Kipimo cha eksirei hospitalini kina kiasi kidogo kinachodhibitiwa, na wanaokipiga wanasimama nyuma ya kinga kwa sababu. Hadithi iliandikwa wakati dunia ikiogopa mabomu ya nyuklia, na hofu hiyo ndiyo iliyomuuma Peter.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Hadithi ya Spider-Man inafungwa na maneno yaliyokuja kuwa maarufu duniani, kwamba nguvu kubwa huja na wajibu mkubwa. Watu wengi wanaamini yalisemwa na baba mkubwa akimuusia Peter. Katika kurasa hizi hakuyasema. Yako kwenye kisanduku cha mwisho, ni sauti ya msimulizi, wakati Peter anaondoka peke yake usiku. Wosia haukuwepo. Kijana amebaki na majuto, na sisi wasomaji ndio tunaopewa funzo.

Katika familia za ughaibuni maneno hayo tunayatumia sana, hata asiyewahi kumsikia Spider-Man. Wewe uko Ulaya, wewe umesoma, wewe una mshahara, kwa hiyo ada ya huyu, bati la yule, dawa za bibi. Na watoto tunawaambia: tumekuja huku kwa ajili yenu, msituangushe. Mimi sipingi wajibu. Nalipa ada kama wengine. Lakini ukikisoma kitabu chenyewe, Peter hakuhukumiwa kwa kushindwa kubeba mzigo mkubwa. Alihukumiwa kwa kitu kilichokuwa mbele ya mguu wake, ambacho kingemchukua sekunde moja, akasema si kazi yangu.

Hospitalini tunalijua neno hilo. Kengele ya mgonjwa inalia, muuguzi anapita, anaona si kitanda chake, anaendelea na safari. Tunafundishwa kwamba kengele ni ya yeyote aliye karibu. Pengine mgonjwa anataka maji tu. Pengine anataka kushuka kitandani mwenyewe, na akishuka ataanguka. Hujui mpaka umekwenda. Huo ndio wajibu ninaoutaka watoto wausome humu: mtoto mpya darasani asiyejua lugha, jirani mzee ambaye pazia lake halijafunguliwa tangu jana. Ni mambo yaliyo karibu na mguu.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mgumu zaidi. Wako wasomaji wetu waliopigiwa simu usiku na kuambiwa mzazi hayupo tena. Tangu siku hiyo wanajiambia: ningekuwepo, ningetuma pesa mapema, ningepiga simu Jumapili ile. Nimekaa na watu wengi wanaosema hivyo, Waafrika na Wazungu, walioishi mbali na waliokuwa wameshika mkono wa mgonjwa. Wote wanasema. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu haulizi kama una kosa. Kukaa mbali si sawa na kumwacha mwizi apite. Shinikizo la damu lililompiga mama Tanga halikupita mbele yako kwenye korido. Tusiwape watoto, wala tusijipe sisi wenyewe, hukumu ya Peter kwa kesi ambayo si ya Peter.

Niliisoma hadithi hii na mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi. Alipofika mwisho akaniuliza, "Mama mdogo, sasa nani alikaa naye?" Nikarudi nyuma kutafuta. Hakuna. Kitabu kinaisha kabla ya mazishi, kabla Peter hajamtazama mama mkubwa usoni. Kwetu nyumba ingekuwa imeshajaa, mikeka imetandikwa, majirani wanapika, na kijana hangeachwa atembee peke yake usiku na jambo kama lile moyoni. Tulizungumza hapo kwa muda mrefu kuliko tulivyosoma. Kama kuna kijana nyumbani kwako aliyefiwa akiwa huku, ambaye alifuatilia mazishi kupitia simu ya mkononi kisha kesho yake akaenda shule kama kawaida, muulize swali hilo hilo: nani alikaa na wewe?

Kwa matumizi ya nyumbani, kitabu kinawafaa wa miaka tisa kwenda juu. Mauaji hayaonyeshwi ila yanatajwa. Kwa Kiswahili, funikeni maneno ya kwenye vipovu kwa karatasi, mtoto asimulie kwa kuangalia picha. Mwache akwame kwenye "utando", "ghala" na "mieleka", maneno hayo ataondoka nayo. Na mfurahie pamoja kwamba kwa lugha yetu buibui ni mdudu, tena ni vazi la bibi.

Nakala ya asili msiitafute. Mwaka 2021 moja iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 3.6. Michoro halisi ya Ditko, kurasa zote 24, ilitolewa zawadi mwaka 2008 kwa Maktaba ya Bunge la Marekani na mtu ambaye hakutaka jina lake litajwe. Angeweza kuiuza akawa tajiri. Nyinyi tafuteni nakala mpya dukani au ombeni maktaba ya mtaa wenu, wengi huagiza bila malipo. Someni hadithi zote nne. Kisha niandikieni, watoto wenu walisema nini juu ya wale wawili wa Mirihi.